Ofisi ya ushauri wa kodi za nyumba, Temeke: maelezo mazuri, ufuatiliaji hafifu

Ofisi ninayoiandikia iko Temeke, katika fremu iliyobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, nayo hufanya kazi moja tu: humweleza mwenye nyumba ni kodi zipi anazodaiwa, kwa sheria ipi, kwa kiasi gani, na kama upo msamaha unaomhusu. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa pamoja na sifa nitakazoipa ninayo malalamiko, na malalamiko yenyewe ni ya mteja mmoja aliyekwenda pale mara tatu. Bei zao wamezibandika ukutani, jambo ambalo si la kawaida kwa ofisi za namna hii: kikao cha ushauri ni shilingi 20,000, ufuatiliaji wa maombi au marekebisho ni shilingi 30,000, na fotokopi hulipiwa kando. Mwenye ofisi ni mzee mstaafu aliyefanya kazi ya mapato ya halmashauri kwa miaka mingi, na ana msaidizi mmoja kijana anayepokea wageni, anayejaza fomu na, kama nitakavyoeleza, anayezungumza kuliko ajuavyo.

Nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe Mbagala, ambaye alikuwa amesikia msikitini kwamba wazee wamesamehewa kodi ya majengo na akataka kujua kwa nini yeye bado anakatwa kila anaponunua umeme. Ya pili ilikuwa nyumba yangu ya Kitunda, yenye mita mbili za LUKU (umeme wa kulipia kabla) chini ya paa moja, ambako nilikuwa na hisia kwamba fedha inatoka zaidi ya inavyopaswa, ingawa sikuweza kuonyesha inatokea wapi.

Kikao cha kwanza kilinipa karibu kila kitu kilichostahili fedha yangu. Mzee yule hakuanza na fomu wala na sheria, alianza na neno. Alichukua karatasi akaandika neno «kodi» mara tatu, moja chini ya lingine, kisha akatuambia kwamba wateja wake wengi huja na ugomvi ambao si wa fedha bali wa neno hilo, kwa sababu Kiswahili chetu kimeliachia lifanye kazi nyingi mno. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi. Mwenye nyumba huilipa serikali kodi. Na mwenye hati ya kiwanja hulipa kodi ya pango la ardhi, ambayo masikioni haitofautiani sana na kodi ya pango anayoitoa mpangaji. Alisema kuna mama aliyewahi kumlaumu mpangaji wake kwa kutolipa pango la ardhi, na mpangaji akaapa kwa Mungu kwamba amelipa miezi sita mbele. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Kutoka hapo alitenganisha mambo kwa utaratibu ambao sijawahi kuupata mahali pengine. Kodi ya majengo inahusu jengo lililosimama, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1983 ya ukadiriaji wa viwango kwa mamlaka za miji, ambayo sasa ni Sura ya 289. Kodi ya pango la ardhi inahusu ardhi iliyomilikishwa, iwe imejengwa au imeota nyasi, na msingi wake ni Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999; hii hulipwa kila mwaka kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na kiasi chake hutegemea ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo. Ya tatu ni kodi ya zuio, yaani asilimia 10 ya fedha ya pango ambayo mpangaji anayehusika huizuia na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, kwa niaba ya mwenye nyumba, nayo ni sehemu ya kodi ya mapato na haina uhusiano na ukubwa wala uzuri wa jengo. Msamaha katika mojawapo ya hizi hauzigusi nyingine. Shangazi, aliyekuja akiamini kwamba mzee akisamehewa amesamehewa vyote, aliinamisha kichwa kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria: kwa hiyo ile karatasi ya mauziano aliyogongewa muhuri na serikali ya mtaa ni ya jengo au ya ardhi? Mzee alimjibu kwa heshima kwamba ile ni ushahidi wa kununua, kwamba kwa kuwa eneo lake halijapimwa na hana hati, hadaiwi pango la ardhi la mwenye hati, lakini kodi ya majengo anadaiwa kama wengine kwa sababu nyumba yake ya matofali na bati imesimama ndani ya manispaa.

Historia aliieleza kwa haraka, na nadhani alifanya vyema, maana wateja wanaosubiri kwenye benchi hawakuja kusomeshwa. Hata hivyo, pasipo historia hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini watu wa Dar es Salaam wana picha tofauti tofauti vichwani kuhusu kodi moja. Wapo wanaokumbuka karani wa manispaa akipita mtaani na kitabu cha stakabadhi. Wapo wanaokumbuka mwaka 2016, ukusanyaji ulipohamishiwa TRA, na foleni za Juni na Julai 2017 ambazo ziliwaweka watu nje ya ofisi tangu alfajiri hadi muda wa kulipa ukaongezwa. Baadaye kikaja kiwango kimoja cha shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida, ambacho watu wa umri wangu ndicho wanachokitaja hadi leo kana kwamba hakijabadilika. Kisha, kwa bajeti ya mwaka 2021/22 iliyosomwa na aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati huo, Dkt. Mwigulu Nchemba, kodi ikaingizwa kwenye ununuzi wa umeme, na tangu tarehe 20 Agosti 2021 kila anayenunua LUKU kwa mita inayohusika akaanza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Kuanzia Julai 2023 viwango vikapanda hadi shilingi 1,500 na 7,500, yaani shilingi 18,000 na 90,000 kwa mwaka.

Hapa lazima niseme kasoro ya kwanza, ndogo lakini ya kuaibisha. Kipeperushi ambacho ofisi hii humpa kila mteja bado kimechapwa kwa viwango vya 2021, na juu ya 12,000 na 60,000 mtu amechora mstari kwa kalamu ya bluu na kuandika viwango vipya. Katika nakala niliyopewa mimi walirekebisha kiwango cha nyumba ya kawaida na kuusahau mstari wa ghorofa. Mteja mwenye nyumba ya sakafu mbili anayekwenda nyumbani na karatasi hiyo atapiga hesabu ya 120,000 kwa mwaka ilhali anapaswa kupiga 180,000, na ofisi inayouza maelezo haina udhuru wa kutoa maelezo ya miaka iliyopita.

Sehemu ya kikao ambayo ningeilipia tena, hata kwa bei ya juu, ni usomaji wa risiti. Mzee aliomba simu ya Shangazi, akafungua ujumbe wa mwisho wa LUKU, akausoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua ya posa. Tarakimu 20 za tokeni kila mtu anazijua. Chini yake ndiko wengi hawaendi: VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na mstari mfupi wa makato ambao wengi huudhania kuwa ni deni la umeme la zamani. Huo ndio kodi ya majengo. Alitueleza pia kwamba makato hutoka mara moja kwa mwezi, katika ununuzi wa kwanza, na kwamba asiyenunua umeme mwezi mmoja hajaponyoka, kwa kuwa mwezi unaofuata atakatwa ya miezi yote miwili. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akasema sasa ameelewa kwa nini aliporudi kutoka Tanga baada ya kukaa kwa mwanawe miezi mitatu, umeme wa kwanza ulikuwa kiduchu kiasi cha kumfanya agombane na kijana wa wakala.

Kisha mzee akachukua kikokotoo, na hesabu aliyoifanya imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Mtumiaji wa kawaida mwenye bei ya shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha makato yale ya asilimia 22, hulipa kama shilingi 356 kwa uniti moja. Akinunua umeme wa 10,000 pasipo kodi ya majengo hupata uniti 28 na kidogo. Katika ununuzi wenye kodi, 1,500 ikitoka kwanza, hupata uniti 23.9. Amepoteza uniti nne, na pengine hatatambua. Lakini Shangazi yumo katika kundi la watumiaji wadogo, wale wanaouziwa kwa shilingi 100 kwa uniti mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi, na yeye hununua umeme wa 5,000 tu. Pasipo kodi angepata uniti 41. Kwa kodi hupata 28.7. Shilingi ileile 1,500 ambayo kwangu ni uniti nne, kwake ni uniti kumi na mbili, na ni karibu theluthi ya fedha aliyoitenga kwa umeme wa mwezi mzima. Mzee hakutoa hotuba juu ya jambo hilo. Alisema tu kwamba kiwango hiki hakipimi thamani ya nyumba, kwamba nyumba ya chini ya Masaki na nyumba ya chini ya Mbagala zote ni 18,000, na kwamba kwa hiyo msamaha, kwa anayestahili, una uzito zaidi kwa mtu kama Shangazi kuliko tarakimu inavyoonyesha.

Ndipo tukafika kwenye msamaha wenyewe. Sheria inayaweka nje ya kodi majengo ya namna mbalimbali: nyumba za ibada kwa sehemu inayotumika kwa ibada, maktaba na makumbusho ya umma, makaburi, viwanja vya michezo, na pia nyumba za udongo na za nyasi ambazo watu huishi. Hayo yote yalipita kwa dakika mbili. Linalowaleta watu kwenye ile benchi ni msamaha wa mzee na wa mtu mwenye ulemavu, na hapo ndipo habari ya msikitini huachana na sheria, kwa sababu umri pekee hautoshi. Mwenye nyumba awe ametimiza miaka 60 au awe na ulemavu. Nyumba iwe moja. Iwe ya makazi, tena aishi humo yeye mwenyewe. Na awe hana kipato. Mzee mwenye nyumba tatu hapati msamaha wa tatu zote, na mzee anayeishi kwa mwanawe huku nyumba yake ikipangishwa hapati hata wa moja.

Shangazi ana mpangaji. Ni chumba kimoja cha uani, kinachokaliwa na kijana fundi wa pikipiki, kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Wakati mzee alipotoka nje kupokea simu, msaidizi wake aliinama juu ya meza na kumwambia Shangazi kwa sauti ya chini, «Bibi, hilo la mpangaji usiliandike. Nani atakuja kuhesabu vyumba kwa ajili ya buku jero?» Shangazi alimtazama kwa muda, akamjibu, «Mjukuu wangu, mimi karatasi yenye jina langu siandiki uongo. Hiyo buku jero yako sijui ni nini, lakini kama ni hizo elfu moja mia tano, nimezilipa miaka yote na sijafa.» Aliporudi mzee na kuelezwa, hakumtetea msaidizi wake, na hilo nampa sifa. Alisema waziwazi kwamba fedha ya pango ni kipato, kwamba maombi yenye taarifa pungufu ni hatari kwa mwombaji na si kwa aliyemshauri, na kwamba kwa hali ilivyo Shangazi hastahili msamaha huo. Hakututoza ile 30,000 ya ufuatiliaji. Ofisi nyingine ingechukua fedha, ingejaza fomu, na ingetuacha tusubiri jibu ambalo yeye alikuwa nalo tayari.

Hata hivyo siwezi kulipita jambo lile kwa wepesi. Wateja wanaokuja pale wengi ni wazee, baadhi hawasomi vizuri bila miwani, na anayekaa nao muda mrefu zaidi ni kijana yule. Mzee akiwa kwenye simu au kwenye swala, ofisi ni kijana. Kama ushauri wa namna ile unatolewa mbele yangu, mpwa mwenye kalamu mkononi, sijui ni mangapi yanayosemwa kwa bibi aliyekuja peke yake.

Hesabu ya Shangazi baada ya hapo ilikuwa nyepesi, na aliifanya mwenyewe ndani ya daladala: chumba humpa 480,000 kwa mwaka, kodi ni 18,000, kwa hiyo mpangaji abaki. Lakini lilikuwepo jambo jingine ambalo mzee alilitaja mwishoni, karibu kwa bahati, na ndilo lililobadilisha kitu nyumbani kwake. Kodi ya majengo ni wajibu wa mwenye nyumba. Mpangaji hukatwa kwa sababu tu yeye ndiye aliyenunua umeme kwa mita iliyounganishwa na jengo. Pale Mbagala mita ni moja na wanachangia, mwezi huu Shangazi, mwezi ujao yule fundi. Kwa maneno mengine, tangu kijana yule ahamie, nusu ya kodi ya nyumba ya Shangazi ilikuwa ikitoka mfukoni mwake, na hakuna aliyejua, si yeye wala Shangazi. Jioni ile alimwita, akamweleza, na wakakubaliana kwamba kuanzia sasa mwezi wa fundi kununua umeme atampunguzia shilingi 1,500 kwenye pango. Fundi alidhani anaongezewa kodi. Ilibidi Shangazi arudie maelezo mara mbili, na neno lilelile la kwenye karatasi likawasumbua tena.

Suala langu la Kitunda lilikuwa la aina nyingine, na ndilo lililonionyesha udhaifu wa ofisi hii. Nyumba yangu ni moja, ya chini, lakini nilipoweka fremu ya duka upande wa barabarani niliomba mita ya pili ili mwenye duka ajitegemee. Mzee aliziweka risiti mbili kando kwa kando na katika dakika tano akanionyesha kwamba zote mbili zilikuwa zikikatwa 1,500 kila mwezi, ilhali kodi hii inatozwa kwa jengo na si kwa mita. Hakumlaumu yeyote, na mimi pia simlaumu yeyote, maana mita haijui imefungwa kwenye ukuta wa nani. Anayejua ni mwenye nyumba, na mimi nilikuwa sijawahi kulisema jambo hilo mahali popote. Tulihesabu miezi 14 ya makato ya ziada, jumla shilingi 21,000.

Akaniambia mambo mawili yawezekana: kusimamisha makato kwenye mita ya pili, na kuzifuatilia zile 21,000. Nililipa 30,000. Msomaji ameshaona kasoro ya hesabu hiyo kabla yangu. Kwa barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba ni nyumba moja, namba za mita zote mbili, nakala ya kitambulisho na barua fupi ya maelezo, makato ya mita ya pili yalikoma baada ya miezi miwili, na hilo ningeweza kulifanya peke yangu kwa gharama ya nauli na asubuhi moja. Barua ambayo ofisi iliniandikia ilikuwa na aya mbili, na namba ya mita ya pili waliikosea tarakimu moja. Niliigundua nikiwa foleni, nikairekebisha kwa mkono na kuweka sahihi pembeni. Kuhusu zile 21,000 za nyuma, mara ya kwanza nilipopiga simu niliambiwa jambo linafanyiwa kazi, mara ya pili niliambiwa mzee amesafiri, na tangu hapo simu huita tu. Nilikwenda mwenyewe mara ya tatu na kumkuta kijana, ambaye alisema ufuatiliaji wa fedha iliyokwisha kulipwa ni huduma tofauti yenye ada yake. Kwenye bei za ukutani huduma hiyo haipo.

Kwa hiyo ninaigawa hukumu yangu kama ofisi yenyewe inavyogawa bei zake. Ushauri wa 20,000 ni fedha halali. Saa moja na nusu ya kusomewa risiti yako mwenyewe, kutenganishiwa kodi tatu zinazofanana jina, na kuambiwa hapana na mtu anayejua kwa nini ni hapana, ni huduma ambayo kwa Kiswahili kinachoeleweka sijaiona ikitolewa bure. Ufuatiliaji wa 30,000 haustahili kwa nyumba ya kawaida, kwa sababu unalipa zaidi ya kodi ya mwaka mzima ili ubebewe karatasi ambazo una miguu ya kuzibeba, na hata ukipata msamaha, ushauri na ufuatiliaji vitakuwa vimekula karibu miaka mitatu ya faida yake. Kwa mwenye ghorofa mambo yanaweza kuwa tofauti. Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja mwenye nyumba ya sakafu mbili iliyokuwa bado imeandikwa kwa jina la marehemu mumewe, ambaye alihitaji kwanza kupitia mahakamani kwa ajili ya usimamizi wa mirathi kabla hajazungumza kama mmiliki na ofisi yoyote. Kwa mtu kama yule, anayebeba 180,000 kila mwaka pamoja na rundo la nyaraka, msaada wa hatua kwa hatua unaweza kuwa na thamani, mradi mwenye kumsaidia awe mzee na si kijana.

Mazingira hayana mengi ya kusemwa. Viti ni vya plastiki, feni inafanya kazi, maji ya kunywa yapo, na wazee hutangulizwa hata wakifika nyuma ya wengine. Faragha haipo: kila kinachosemwa mezani husikika kwenye benchi, na ndivyo nilivyojua habari za yule mama pasipo kumuuliza. Risiti ya malipo yao wenyewe nilipewa siku ya kwanza bila kuomba, siku ya pili baada ya kuomba, na siku ya tatu sikulipa kitu.

Anayetaka kwenda na aende asubuhi, siku ambayo mzee yupo, jambo ambalo hujulikana kwa baiskeli yake iliyoegemezwa mlangoni. Achukue ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu mfululizo, kwa kila mita iliyopo kwenye nyumba, pamoja na karatasi yoyote ya umiliki aliyonayo, iwe hati, leseni ya makazi au mauziano ya serikali ya mtaa. Dada yangu anayejenga Goba ameniomba nimpeleke mwezi ujao, kabla hajaamua kama kila sakafu itakuwa na mita yake. Nitamlipia kikao kimoja cha 20,000, nitakaa kando yake na daftari, na barua tutaiandika wenyewe nyumbani.